Mnazi wa Chang'ombe

Kwetu Igoma, Mwanza, ukisema unahamia Dar es Salaam hakuna anayekuuliza unakwenda kufanya nini. Unaulizwa unafikia kwa nani. Kaka yangu alikwenda hivyo hivyo: akafikia kwa shangazi Mbagala "wiki mbili tu nijipange", akajipanga sebuleni kwa shangazi miaka miwili na ushee.

Mimi nikaapa. Sihami bila kazi mkononi. Nililisema hilo kwenye kikao cha harusi, nikalisema msibani wakati watu wanasubiri chakula, nikamwambia hata kinyozi, naye masikini ya Mungu hakuwa ameniuliza. Kila aliyeniambia "nenda tu, riziki utaikuta huko huko" nilimsomesha nusu saa. Nilikuwa mtunza stoo kwenye duka la nyavu, nina stashahada ya ugavi, na nilijiona mtu pekee katika ukoo mwenye mpango.

Basi siku moja tangazo likaingia kwenye kundi la ajira la WhatsApp. Anahitajika mtunza stoo, kampuni ya vifaa vya ujenzi, ofisi zipo Chang'ombe. Nani asiyeijua Chang'ombe? Veta iko pale, viwanda viko pale, na uwanja wa mpira uko jirani. Nikatuma maombi siku hiyo hiyo.

Hapa naomba niitambulishe simu yangu, maana ndiyo mshtakiwa namba moja. Mwezi wa tano iliniponyoka kwenye ngazi za stoo, ikatua kwa pembe. Kioo hakikupasuka sana, ila pembe ya juu upande wa kulia wino mweusi ukavuja, doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Fundi akataka 85,000. Nikaona nitaishi na doa. Hasara yake ilikuwa kutoona chaji imebaki kiasi gani, na hilo nikalizoea, nikawa nachaji kwa hisia.

Sasa aliyesoma hadi la saba anakumbuka mwalimu wa Kiswahili alivyofundisha barua ya kiofisi. Anwani ya mwandishi inakaa wapi? Juu, kulia.

Usaili ulikuwa wa simu. Dada wa utumishi alikuwa mchangamfu, sauti ya mtu aliyekunywa chai vizuri. Tukamaliza mambo ya leja na kuhesabu mali, akaingia kwenye ya kawaida.

"Huku kwetu upepo mwingi, kaka. Utauweza?"

"Dada, mimi mtu wa ziwani. Upepo ndio ulionilea."

"Na maji ni ya mgao."

"Hata huku ni ya mgao, na ziwa tunaliona kwa macho."

Akacheka mpaka nikajua kazi nimepata. Kisha akauliza, "Na baridi ya asubuhi je?"

Baridi? Dar? Nikajua ananitania. Nikaangua kicheko, naye akaangua, tukacheka wote wawili kila mtu na mji wake kichwani.

Barua ikaja kama picha. Niliikuza kwa vidole viwili sehemu moja tu, mstari wa mshahara. Chini kulikuwa na namba ya simu ya mezani inayoanza na 026. Dar ni 022, Mwanza 028, lakini hayo niliyajua baadaye. Nani wa rika langu anapiga simu ya mezani?

Nikauza kitanda. Nikaacha kazi kwa barua ya heshima. Sweta langu zito, lile la kijani la shingo ndefu, nikampa mdogo wangu: "Chukua, Dar sweta la nini?" Mama akanifungashia ndoo nzima ya dagaa za kumpelekea shangazi, nami nikafunga godoro langu la inchi sita, feni, na mashati manne ya mikono mifupi. Mwanamume anahama. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi basi likatoka Nyegezi.

Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida. Safari ya basi ni safari ya basi. Ila saa moja usiku tuliingia Dodoma, stendi ya Nanenane, dereva akatupa dakika kumi. Nikashuka kujinyoosha. Upepo ulionipokea pale mlangoni! Ulipita kwenye shati kama halipo mwilini, ukanimwagia vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nikasema kwa sauti, kila mtu anasikia: "Hivi watu wa hapa wanaishije?"

Mama mmoja muuza zabibu, kajifunga kitenge juu ya jaketi, akanisogelea na kikopo. Nikanunua vitatu vya shangazi.

"Unaelekea wapi, mwanangu?"

"Dar, mama. Kikazi." Hilo "kikazi" nililitamka kwa kifua.

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Serikali nzima imekuja huku, wewe unakimbilia Dar?"

Nikamchekea tu. Ningekuwa na akili ningesimama pale nikafikiri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini tangu 2016 Serikali iliposema safari hii inahama kweli, mji ule umekuwa ukijengwa usiku na mchana. Kampuni ya vifaa vya ujenzi ingetafuta mtunza stoo wapi? Mimi nikapanda basi, nikavuta shuka, nikalala. Nimepita kazini kwangu mguu kwa mguu, nimenunua na matunda, nikaenda zangu mbele kilomita 450.

Shangazi alifungua mlango alfajiri, akaliona godoro kabla ya kuniona mimi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wiki mbili?"

"Hapana shangazi, mimi nina kazi kabisa. Siku mbili tatu tu nipate chumba."

"Hata kaka yako alisema hivyo." Akapokea dagaa. Zabibu zilikuwa zimekaliwa na mtu, zimekuwa juisi.

Jumapili, kwa kuwa mimi ni mtu wa mpango, nikaenda kuifanyia njia mazoezi. Barua ilisema jengo la ghorofa karibu na msikiti. Nilipofika Chang'ombe nikalipata jengo la ghorofa, na msikiti karibu. Geti limefungwa. Nikapiga picha nimesimama mbele yake, dole gumba juu, nikatuma kundi la familia: "Ofisini kwangu." Hongera zikamiminika. Mama akatuma sauti ya dakika tatu, nusu yake dua.

Jumatatu saa mbili kasorobo niko getini, nimechomekea. Nikamwambia mlinzi nimekuja kuripoti. Akanionyesha dirisha: "Andikisha jina pale, kaa usubiri kuitwa." Ndani kulikuwa na mabenchi na watu kama kumi na watano, wengi wao kina mama na watoto. Chini pale ilikuwa zahanati. Mimi nikajua moja kwa moja: kupima afya kabla ya ajira. Kampuni makini hiyo! Nikalipa 5,000 ya kumwona daktari, nikaikunja risiti vizuri, maana hiyo kampuni itanirudishia.

Nikaitwa. Daktari kijana, hakuinua macho.

"Eheh, umekuja kwa ajili ya nini?"

"Kuripoti, daktari."

"Imeanza lini?"

"Ndiyo naanza leo."

"Leo asubuhi?"

"Saa mbili kamili."

Akaandika. "Usiku umelala?"

"Wapi! Nimegeuka mpaka alfajiri."

"Chakula?"

"Chai imenishinda kabisa. Ni furaha tu, daktari."

Hapo akainua macho. "Umesafiri karibuni?"

"Natoka Mwanza. Nimefika jana."

Akatikisa kichwa kama fundi aliyeona waya ulipokatika. Kanda ya Ziwa, halali, hali, anaongea habari za furaha. Akaniandikia kipimo cha malaria. 3,000 nyingine, risiti nyingine. Nikachomwa kidole, tone la damu kwenye kile kipande cha plastiki, nikakaa benchi nakisubiri kimstari. Moyoni nasema, hapa nimefika mahali pa maana, hata malaria wanajali.

Saa tatu na dakika kumi simu ikaita. Dada wa utumishi.

"Kaka, uko wapi? Tunakusubiri."

"Nipo dada! Nilifika tangu saa mbili kasoro. Namalizia vipimo."

Kimya. "Vipimo vya nini?"

"Si hivi vya afya."

"Hebu toka nje. Na mimi natoka, niko getini."

Nikatoka nimebana pamba kwenye kidole. Mlinzi peke yake, anachambua radio yake.

"Dada, niko getini."

"Na mimi niko getini. Sikuoni."

"Labda kuna geti la nyuma?"

"Geti ni moja. Wewe mbele yako unaona nini?"

"Naona barabara, kibanda cha chipsi, na mnazi."

"Na nini?"

"Mnazi. Mti wa nazi, dada. Mrefu, umeegemea waya wa umeme."

Kimya kikawa kirefu kiasi kwamba niliitoa simu sikioni kuangalia kama chaji imekata, na bila shaka nikaliona doa.

"Kaka," akasema taratibu, kama anaongea na mtu aliyesimama ukingoni mwa ghorofa, "mimi hapa naona mbuyu. Huku hakuna mnazi. Uko Chang'ombe ya wapi?"

"Ya... kwani ziko ngapi?"

Nyuma yake nikasikia mtu akiuliza "anasemaje?", naye akajibu, "yuko Dar", kisha kelele za ofisi nzima, tena za watu wanaopiga meza. Yule dada akajitahidi, akakohoa, akasema kesho saa mbili niwepo, Chang'ombe ya Dodoma. Nikamwahidi. Mlinzi akaniuliza, "Vipi, wamekwambia una malaria?" Muuguzi naye akachungulia mlangoni: "Majibu yako tayari! Mstari mmoja, huna kitu!"

Nilirudi Mbagala kufungasha. Shangazi alinisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa. Nilitegemea pole. Akauliza, "Kwa hiyo godoro unaliacha?"

Treni ya umeme ilinichukua kwa 31,000 na chini ya saa nne ikanitua Dodoma jioni, na mashati yangu ya mikono mifupi. Upepo ule ule wa Jumamosi ulikuwa unanisubiri. Nikampigia mdogo wangu kuhusu sweta. Akasema linamkaa vizuri.

Jumanne nilipoingia ofisini sikuhitaji kujitambulisha. Tangu hapo naitwa Mnazi. Madereva wa malori wananiita Mnazi, na hata mteja mmoja mzee wa heshima aliwahi kuandika kwenye oda: "Apokee Bwana Mnazi." Risiti za zahanati nilizipeleka uhasibu, nikasema tujaribu tu. Mhasibu alizipiga picha, sijui aliituma wapi.

Kundi la familia nalo nikalitumia picha mpya ya jengo. Mama akauliza, "Hiyo ya kwanza ilikuwa nini?" Nikaandika, "Tawi, mama." Ndipo kaka, ambaye hajaandika chochote tangu Pasaka, akaibuka: "Tawi gani? Hapo si zahanati? Mimi nilitibiwa tumbo hapo. Nikadhani umeajiriwa ufagizi nikaona nisikuaibishe."

Wiki mbili baadaye shangazi alinitumia mizigo kwa basi, nikaenda kuipokea Nanenane. Ilikuja feni, ikaja ndoo iliyokuwa ya dagaa, imeoshwa. Godoro hapana. Nikiwa nimesimama na feni kwapani, mtu akanigusa bega. Kitenge juu ya jaketi.

"Wewe si yule uliyekuwa unakwenda Dar kikazi?"

"Ndiyo mimi, mama."

Akaliangalia feni. Akaiangalia ndoo. Akanisogezea kikopo cha zabibu mkononi, na nilipotoa hela akaikataa.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mji ule ni mgumu."