Red vs. Blue: kijiwe kilichokuja kuwa stori

Mashabiki wa Red vs. Blue wamegawanyika makundi mawili na hawapatani. Kundi la kwanza watakwambia misimu mitano ya mwanzo, ile ya bondeni Blood Gulch, ndio yenyewe, baada ya hapo jamaa walijisahau wakaanza kutuletea muvi za vita. Kundi la pili watakwambia vumilia tu hiyo mitano, ukifika wa sita utanishukuru. Mimi nipo na hawa wa pili ila sio mzima mzima, na sababu yangu sio ile wanayoitoa wengi wao.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, hii ni katuni ya vichekesho ya mtandaoni iliyoanza tarehe 1 Aprili 2003, wameitengeneza jamaa wa Austin, Texas, Rooster Teeth, akina Burnie Burns na wenzake. Mwanzoni hawakuchora hata mstari mmoja. Walichukua gemu la Halo la Xbox, mchezaji mmoja macho yake yanakuwa ndio kamera, wengine wanawaendesha wanajeshi kama vikaragosi, halafu sauti zinapachikwa baadae. Helmeti haina mdomo kwahiyo anayeongea anatikisa kichwa ujue ni yeye. Hata kushusha bunduki ilikuwa haiwezekani, ilibidi washike bastola waangalize chini kwasababu gemu lilikuwa na kahitilafu fulani ambapo ukifanya hivyo mtu anaonekana kasimama kawaida na silaha iko chini. Halo 2 ilipotoka 2004 Bungie, watengenezaji wa gemu lenyewe, waliweka kabisa namna ya kushusha silaha kwa ajili ya watu wa aina yao. Na mpango wa mwanzo ulikuwa vipande sita mpaka nane tu, basi! Mpaka 2007 vikawa 100, na hapo ni stori ya kwanza tu ndio imeisha.

Sasa hivyo vipande 100 ni nini? Ni kijiwe. Kweli kabisa, toa helmeti na bunduki uwakalishe chini ya mwembe, hutaona tofauti. Kuna wekundu upande huu na bluu upande ule, katikati hakuna kitu, wanasimama juani wanabishana. Kipande cha kwanza kabisa Simmons wa wekundu anamuuliza mwenzie Grif hivi ushawahi kujiuliza kwa nini tupo hapa, Grif anaanza kumwaga falsafa za Mungu na ulimwengu, kumbe mwenzie alimaanisha hapa bondeni. Sarge, mkuu wao, anampa Grif maneno kila siku bila sababu. Gari la Warthog wanabishania jina lake kama vile ndio kazi waliyotumwa. Donut anapewa vazi la pinki anasema hapana hii ni nyekundu iliyopauka kidogo. Kundi la kwanza wanaposema hakuna msimu wa mbele unaochekesha hivi, siwezi kubishana nao, wana haki. Maneno yalikuwa yanagongana haraka haraka na bahati nzuri hakukuwa na hela ya kufanya kingine zaidi ya maneno.

Ila tuseme ukweli, kijiwe kikikaa sana kinachoka. Msimu wa tatu mpaka wa tano kuna kusafiri kwenye muda, kuna mgeni wa anga za mbali, kuna Tucker kupata mimba (ndio, Tucker wa bluu, mwanaume), yani unaona kabisa mtunzi anarusha chochote aone kitanasa wapi. Baadhi ya utani wa wanawake na wa Donut ukiusikia leo unajikuta unapunguza sauti. Ningeambiwa imeishia pale 2007 ningesema ilikuwa nzuri ikapitiliza muda wake, tukaendelea na maisha.

Halafu 2008 ukaja msimu wa sita, Reconstruction. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanasema Red vs. Blue ilipanda kwasababu animesheni ilipanda. Hapana bwana. Msimu wa sita bado ni vichwa vinatikisika ndani ya gemu, kilichobadilika ni kwamba mtunzi alirudi kuuchukulia utani wake wa zamani kama ushahidi. Church wa bluu aliuawa msimu wa kwanza na mwenzie Caboose kwa kifaru, akarudi kama mzimu, tukacheka, miaka inapita mzimu anaingia kwenye miili ya watu na hakuna anayehoji kwasababu ni katuni. Anakuja Agent Washington, mtu asiyecheka, anamwambia mizimu haipo, wewe ni akili bandia. Na sio akili bandia yoyote, ni ile ambayo Project Freelancer, mradi wa kijeshi wenye makomando wanaoitwa Freelancer, waliitesa mpaka ikavunjika vipande, na wale kina O'Malley tuliokuwa tunawacheka kwa sauti zao za kishetani ni vipande vyake mwenyewe. Vic, yule wa makao makuu aliyekuwa anapokea simu za wekundu na za bluu wote wawili? Tulidhani ni kichekesho cha uzembe. Kumbe vita yenyewe haikuwepo, wale walikuwa wanajeshi wa mazoezi tu, wamewekwa pale ili Freelancer wajifunzie. Swali la Simmons likapata jibu baada ya miaka mitano na jibu lenyewe linauma.

Na bado unacheka, maana Caboose ni Caboose. Ukichekea hapo unajisikia vibaya kidogo, na hiyo hali misimu ya mwanzo haikuwahi kunipa.

Animesheni ya kweli ilikuja na Monty Oum msimu wa nane, 2010. Lile pigano la Tex, mwanamke wa Freelancer, peke yake dhidi ya wekundu na Tucker naweza kuliangalia hata saa hizi nikacheka, kwasababu Monty alielewa kwamba ngumi nayo inaweza kuwa kichekesho, Grif anavyopigwa pale ni utani uleule wa Sarge umehamia kwenye mwili. Lakini msimu wa tisa na wa kumi walinogewa. Freelancer wanaruka huku na kule, inapendeza sana, na vijana wetu wa kijiweni wanakaa pembeni wakisubiri zamu yao. Hapo kundi la kwanza wana pointi na watu wangu huwa hawataki kuisikia.

Kilichoniweka upande wangu ni stori ya sayari ya Chorus, msimu wa 11 mpaka 13, Miles Luna ameshika kalamu. Wakarudisha kijiwe, wakakipa vita ya kweli. Tucker ambaye miaka yote alikuwa wa mistari ya kutongoza tu anapewa watu wa kuwaongoza na wengine wanakufa mikononi mwake. Mwisho wa msimu wa 13, 2015, Epsilon, kipande kimoja cha ile akili bandia ya Church, anajifuta mwenyewe ili vipande vyake viendeshe vazi la Tucker, na stori inakata kabla hatujajua kama walipona. Mwaka huohuo mwezi wa pili Monty alikuwa ameshafariki, kwahiyo kwangu mimi yale maneno ya kuaga yalikuwa mazito mara mbili.

Baada ya hapo mstari haukuendelea kupanda, tusidanganyane. Msimu wa 15 una Caboose anamuaga Church na kile kipande nakitetea popote, ila 16 na 17 ni miungu na muda umepasuka, na Zero ya 2020 ina animesheni safi kuliko yote na timu mpya ambayo hatukuwahi kukaa nayo juani hata siku moja. Uzuri wa picha juu, mimi sina ninayemjali. Machi 2024 ikatangazwa Rooster Teeth inafungwa, Mei ikatoka muvi ya kumalizia, Restoration, kaiandika Burnie mwenyewe.

Mwaka jana nilimwanzishia mdogo wangu msimu wa sita moja kwa moja, nikijua namuokolea muda na bando. Kikafika kile kipande cha Washington na Church, mimi nimeshika mdomo, namuangalia yeye nione atafanyaje. Akageuka akaniuliza, "Mzimu gani?"