Vijana wa Makondeni wanakimbia jembe au wanakimbia ndoo?

Kila msimu wa korosho ukiisha huku Newala na Tandahimba, mkoa wa Mtwara, wazee wanaanza wimbo wao ule ule, vijana wamekimbilia mjini, wavivu, hawataki jembe. Vijana nao wanajibu kijijini hakuna maisha. Mie nimekulia huku huku juu na ndugu zangu wawili wako Mbagala, Dar, naona kila upande una ukweli ila hakuna anaeusema wote.

Tuanze na maji. Huu uwanda wa Makonde mvua unapata, ila mto hauna, udongo ni kichanga, maji yakidondoka yanazama mazima yanaenda kutokea huko chini miguuni mwa mteremko. Simama pale Shimo la Mungu Newala utaliona bonde la Ruvuma mpaka Msumbiji, maji yapo kule chini na wewe uko juu na ndoo tupu. Mababu walipanda huku kujificha, karne ya 19 kulikuwa na vita vya Wangoni na wakamata watumwa, kwahiyo kuteka maji mbali ndo ilikuwa gharama ya kulala salama. Wakamata watumwa hawapo tena, kuteka maji kumebaki. Tangu mkoloni kuna mradi wa kusukuma maji toka bondeni, lakini pampu ikigoma tunarudi kwenye maji ya mvua yaliyovunwa na ndoo za kununua. Binti aliyebeba ndoo kichwani tangu darasa la tatu, akisikia Mbagala kuna bomba uani, utamzuia kwa maneno gani? Na katika hizi kelele zote za "vijana" nani anawataja mabinti, wote wanaongelea wanaume tu.

Ila wazee nao hawadanganyi wakisema hela ipo huku. Korosho inalipa, tangu stakabadhi ghalani ianze 2007, yaani korosho unaziweka ghalani zinauzwa kwa mnada, watu wameezeka bati, wamesomesha. Shida hela yenyewe inakuja mara moja kwa mwaka, minada ikianza Oktoba kila mtu tajiri, ikifika Machi unakopa unga. Na bei haina adabu, 2018 wakulima walikataa bei ya wanunuzi, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, jeshi likabeba mzigo, halafu kuna watu walikaa miezi wanasubiri malipo. Mwenye biashara ndogo mjini anapata kidogo lakini anapata leo.

Halafu kuna hili ambalo wazee hawapendi kulisikia. Mkorosho si muhogo, unakaa miaka 30, 40 na bado unazaa, na mwenye mkorosho ndo mwenye shamba. Mzee ana miaka 70, mikorosho yake, mjomba nae ana yake, kijana wa miaka 25 anaambiwa apalilie na apulizie salfa, dawa ya unga ya ukungu wa mikorosho, mwezi wa 6 vumbi lote limwingie machoni, msimu ukifika hela inapita kwenye akaunti ya mzee. Huyo ni kibarua wa nyumbani jamani, mvivu yuko wapi hapo!

Na kuondoka kwenyewe kumekuwa rahisi, zamani masika unakwama kivuko cha Rufiji siku kadhaa, daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 mambo yakabadilika. Si ajabu wengi wanasema jina la machinga, hawa wachuuzi wa mjini, limetoka kwa Wamachinga wa Lindi. Sensa ya 2022 Lindi na Mtwara kwa pamoja hazikufika watu milioni 3, Dar peke yake imepita milioni 5.

Hasara ipo, siipingi. Mashamba yanaota pori, na pori likiwa zito korosho ikidondoka huioni, bibi anaachiwa wajukuu wanne na palizi juu, hela ya kulipa vibarua inatoka kwenye korosho hizo hizo. Anaesema mjini ni raha nae akalale chumba kimoja watu watano Mbagala ndo aongee.

Lakini barabara ile ile iliyowapeleka inawarudisha. Mdogo wangu anauza viatu Kariakoo, Oktoba anapanda basi anakuja kuokota korosho za bibi, anakaa mpaka mwaka mpya, Januari huyoo anashuka. Ukimuuliza mama kama mtoto kahamia Dar anakushangaa, anakwambia yupo, si chumba chake kile pale kimefungwa tu.