Ua Langu la Kwanza Tabora

Mtoto wa Temeke kama mimi, maua niliyoyajua ni asumini, waridi na yale ya plastiki ya kumbini. Nilipohamishiwa Tabora nikajiapiza: mwenyeji si kujua salamu ya "mwangaluka" tu, ni kuyajua na majani unayoyakanyaga. Nikanunua daftari, nikapakua programu ya kutambua mimea, nikaajiri mwalimu: mjukuu wa mama mwenye nyumba, miaka tisa, mshahara maandazi mawili.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita tukashika njia ya Igombe, tukaingia porini. Hapo nikauona mmea umeparamia mti, umening'iniza vichala vya maua ya zambarau iliyokolea. Pembeni yake maganda yamejipinda kama herufi S, yamevaa vinyweleo vya rangi ya dhahabu, mahameli tupu.

"Mjomba, hiyo usi..."

"Subiri, simu inasoma."

Simu ikasoma: Mucuna pruriens. Nikalitamka mara tatu kwa sauti ya profesa. Mtandao ukakata kabla ya maelezo. Nikachuma ganda moja, nikalipapasa, nikalipitisha shavuni nionje ule ulaini, kisha nikalibana ndani ya daftari.

"Sisi tunauita upupu," mtoto akasema. Alikuwa ameshasogea hatua kumi, upande upepo unakotokea.

Upupu! Neno hilo nalijua tangu darasa la tatu, kuna mwenzetu alimwagiwa kwenye dawati, akaaga shule siku hiyo. Ila mmea wenyewe sikuwahi kuuona, tena ukiwa umependeza vile.

Yaliyofuata siyasemi yote. Ukijikuna ndiyo unavisambaza vile vinyweleo, lakini nani wa kuambiwa asijikune akasikia? Muwasho ulitoka shavuni ukashuka shingoni, ukaendelea hadi mahali ambapo mtu hajikuni mbele ya mtoto wa watu. Bodaboda mmoja aliniona ninavyojisugua kwenye mwembe, akaongeza mwendo.

Mama mwenye nyumba wala hakuuliza. "Usiguse maji, baba!" Akaja na majivu ya jikoni, akanipaka kuanzia kipara hadi kiunoni, huku majirani wakimiminika kumjulia hali mpangaji. Wote walinisalimu kwa Kinyamwezi, mmoja mmoja, taratibu. Niliitikia huku nikijikuna.

Jumatatu, ofisini, nilikuwa nimetoka kufuata chai. Narudi namkuta bosi amesimama mezani kwangu.

"Kumbe unakusanya maua?" akasema, akalifungua daftari.