Infografiki darasani: hadithi isimeze takwimu

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza nchini Uganda mwaka 2020, kazi za mradi ziliingia katika ratiba ya kila mwanafunzi. Tathmini ya shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho, na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, asilimia 80. Katika mpango huo infografiki, yaani mchoro unaosimulia jambo kwa takwimu, picha na maneno machache, inaonekana ni mradi unaofaa kabisa. Je, inastahili muda inaoula?

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Anayechora lazima aamue namba ipi ibaki, ipi iachwe, na kwa nini. Kunakili jedwali ubaoni hakumdai uamuzi wowote. Wanaosita nao wana lao: kipindi cha dakika 40 huishia kwenye kupaka rangi, na programu za usanifu humpa mwanafunzi kiolezo maridadi ambacho anakijaza namba asizozielewa. Kazi inapendeza ukutani, lakini ukimuuliza mwenyewe inasema nini, anakusomea kichwa cha habari.

Mimi naona ifundishwe, ila kwa mpangilio tofauti na uliozoeleka. Tuchukue sensa. Kwa takwimu za UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, Uganda ilikuwa na watu milioni 16.7 mwaka 1991, milioni 24.2 mwaka 2002, milioni 34.6 mwaka 2014 na milioni 45.9 mwaka 2024. Ni namba nne tu, lakini zina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni mhimili, yaani mstari wa vipimo ambao pau (nguzo za mchoro) hupimwa nao. Mwanafunzi akiuanzisha kwenye milioni 15 ili karatasi imtoshe, pau ya 2024 inakuwa ndefu mara 18 kuliko ya 1991, ilhali watu wameongezeka chini ya mara tatu. Dawa ni kuanzia sifuri na kuchagua kipimo mapema: sentimita 1 kwa watu milioni 2 inatoa pau za sentimita 8.4, 12.1, 17.3 na 23, na karatasi moja ya manila inazibeba zote bila shida.

Wa pili ni picha ya mtu inayokuzwa. Ukirefusha picha mara 2.75, kama idadi ya watu ilivyokua tangu 1991, upana nao unakua mara 2.75, na jicho linaona eneo lililokua zaidi ya mara saba. Afadhali achore watu wadogo wanaolingana, kila mmoja akisimama badala ya milioni 5.

Wa tatu ndio unaowaponyoka hata walimu: sensa hizi hazikupishana kwa miaka sawa. Kutoka 2002 hadi 2014 ni miaka 12, na watu waliongezeka milioni 10.4, kutoka 2014 hadi 2024 ni miaka 10, na nyongeza ni milioni 11.3. Ukipanga pau kwa nafasi sawa, hatua hizo mbili zinakaribia kufanana. Gawanya kwa miaka, utapata takriban watu 870,000 kwa mwaka, kisha milioni 1.13. Hadithi yenyewe imejificha hapo, na haionekani mpaka mtu apige hesabu.

Kwa takwimu za kukusanya wenyewe, hatari iko sokoni. Wanafunzi hupenda kurekodi bei ya matoke, yaani ndizi za kupika, lakini mkungu huuzwa kwa kuukadiria kwa macho. Bei ya Jumatatu na ya Ijumaa huenda ni za mikungu ya ukubwa tofauti, na mchoro utaonyesha mfumuko wa bei usiokuwepo. Maharagwe au unga wa mahindi kwa kilo, kwa muuzaji yuleyule, vinalinganishika.

Kuhusu kompyuta, sikubaliani na wanaodai kwamba shule isiyo nazo haiwezi. Rula, penseli na karatasi yenye miraba vinatosha kwa vipindi vitatu vya mwanzo: swali na jedwali, sentensi moja yenye kitenzi, kama “Kila mwaka sasa tunaongezeka kwa watu wengi kuliko zamani”, kisha rasimu isiyo na rangi. Sentensi hiyo ndiyo inayogeuka kichwa cha mchoro, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuisimamia katika kipindi chake. Rangi zingoje kipindi cha nne, tena mbili tu, moja nyepesi na moja nzito, kwa sababu nakala nyingi zitapigwa fotokopi nyeusi na nyeupe.

Hoja ya muda bado ina uzito. Darasa la wanafunzi 80 haliwezi kuwasilisha michoro 80. Makundi ya watu watano hupunguza mzigo, lakini mwenye mkono mzuri huachiwa kazi yote. Kwa hiyo kila mmoja aandike jedwali na sentensi yake daftarini kabla ya kundi kugusa manila, na alama zifuate mpangilio huohuo. Kati ya 20, ningetoa 8 kwa data na chanzo chake, 5 kwa sentensi, 4 kwa kipimo sahihi na 3 kwa mwonekano.