Tunalipia Kuvunja, Kutazama Hatulipii

Ukuta wa stoo ya mama yangu, pale Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, ulipigwa plasta mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya kwanza doa la unyevu lilikuwa kiasi cha sahani ya pilau. Fundi akabandua, akapiga saruji, akalipwa. Haikupita miezi minne doa likarudi, safari hii limepanda hadi usawa wa kifua na kutoa unga mweupe wa chumvi unaopukutika ukiugusa. Fundi wa pili akabandua tena, akapiga saruji nene zaidi. Wa tatu akaongeza rangi ya mafuta juu yake. Wote walifanya walichoitiwa, na walifanya kwa bidii. Suala la maji yanatoka wapi hatukuliuliza sisi tulioita, wala wao walioitwa.

Nimeanza na ukuta huo kwa sababu kila masika yakiingia, makaro, yaani mashimo ya maji machafu, yakifurika na sinki zikigoma, mjadala ule ule hurudi barazani. Wapo wanaosema kazi za mabomba ziachiwe mafundi wenye vyeti na makampuni, kwani fundi wa mtaani akitengeneza leo, keshokutwa unamwita tena. Wapo wanaojibu kwamba fundi wa mtaani ndiye anayekuja saa tano ya usiku msala (choo) ukifurika, unajua anapokaa, na bei mnaelewana. Kampuni imezoea hoteli na inakutoza kama inavyotoza hoteli. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona kila upande una haki kubwa kuliko mwenzake anavyotaka kukubali.

Nianze na fundi wa mtaani, kwa sababu ndiye anayetukanwa zaidi. Matatizo mengi ya majumbani mwetu ni madogo, tena yanajulikana. Sinki la jikoni likiziba Unguja au Pemba, mara nyingi utakuta machicha ya nazi. Machicha hayayeyuki, yanashikana na mafuta ya kukaangia samaki yanayoganda ndani ya bomba, yanaongezwa magamba na punje za wali, mwisho linakuwa donge moja. Donge hilo hukaa kwenye ile shingo iliyopinda chini ya sinki. Fundi anaweka ndoo, anafungua shingo kwa mkono, anaimwaga, anaisuuza, anaifunga. Robo saa. Hakuna haja ya mashine wala cheti.

(Hapa niseme jambo moja kuhusu shingo hiyo, maana nimeona nyumba kadhaa zimeiondoa ili “maji yapite vizuri”. Ile pindo iliwekwa kwa makusudi. Inabakisha maji kidogo ndani yake, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia harufu, mende na hewa chafu ya karo kupanda jikoni. Ukiiondoa, sinki halitaziba upesi, lakini utakuwa unapikia juu ya karo.)

Mfereji wa kufungulia maji unaodondosha matone nao ni kazi ya fundi wa mtaani. Aghlabu ni washa (kile kipete cha ndani) iliyolika, kitu cha bei ndogo sana. Watu huuacha kwa kuwa tone ni tone. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku, na lita moja ni kama matone 4,000. Hiyo ni ndoo nzima ya lita 20 na zaidi, kila siku, katika mji ambao maji huja kwa mgao na watu huamka usiku wa manane kujaza tangi. Vivyo hivyo gaga nyeupe kwenye vichwa vya shawa na ndani ya hita. Maji yetu mengi hutoka chini ya ardhi yenye mawe ya chokaa, yanakuja na chokaa yake. Kuloweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku kucha kunatosha, na fundi wa mtaani ndiye aliyetufundisha.

Lakini hoja yake kubwa kuliko zote ni kumbukumbu. Nyumba zetu nyingi hazina ramani ya mabomba. Chemba imefunikwa kwa marumaru, karo limejengewa banda juu, bomba la zamani la chuma limeachwa ukutani na la plastiki likapitishwa pembeni yake. Anayejua haya ni yule aliyekuwa akimpokeza baba yake spana walipokuwa wanayalaza. Kampuni ingelazimika kuvunja sakafu nzima ili ijue anachokijua kijana huyo kwa kusimama mlangoni tu.

Sasa upande wa pili, na hapa sauti yangu inabadilika, kwa sababu yapo makosa ya mabomba yanayoua watu.

Bomba la maji machafu la milimita 100 linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kwa jicho, mteremko huo hauonekani. Bomba likilala bapa, maji hutangulia na uchafu hubaki, na kila miezi michache utazibua mahali pale pale. Huu ni usumbufu tu. Pampu ni jambo zito zaidi. Wengi wetu tumeunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili tuwahi maji. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na pampu hunyonya. Palipo na ufa hunyonya hata kilichopo nje ya ufa, na huenda ni mtaro, au karo la jirani. Maji yakirudi, uchafu huo unaingia kwenye tangi lako na la mwenzako. Katika visiwa vilivyopigwa na kipindupindu mara kwa mara, na kwa ukali mwaka 2015 na 2016, hili si jambo la kumwachia anayebahatisha.

Karo na kisima ni hivyo hivyo. Kipimo kinachotumika sana katika kazi za afya ya mazingira ni mita 30 baina ya shimo la maji machafu na chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji. Hapo ni kwenye udongo unaochuja. Kwenye miamba yenye nyufa inatakiwa zaidi, na sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu na mapango. Maji machafu hayachujwi humo, yanasafiri. Fundi anayechimba karo Fuoni au Chukwani na asiulize kisima cha jirani kiko wapi, anaweza kufanya kazi safi kabisa kwa macho na akawalisha watu maradhi.

Mji huu ulilipia somo hilo zamani. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja. Seyyid Barghash, Sultani aliyeshika utawala mwaka 1870, ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba kutoka Chemchem, huko Bububu. Watu wengi wakitajiwa jina lake hukumbuka majumba na hamamu ya Hamamni. Mimi humkumbuka kwa bomba.

Kwa hoja hizo mtu angesema basi, wenye vyeti washike kazi. Nisingefika huko. Tuna vituo vya Mafunzo ya Amali vinavyofundisha ufundi, Mwanakwerekwe kwa Unguja na Vitongoji kwa Pemba, na natamani vijana wengi zaidi wapite humo. Lakini nimeona cheti kikishindwa pia. Nyumbani kwa dada yangu walikuja watu wa kampuni, na mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, na sare. Walizibua, wakalipwa pesa nyingi. Wiki tatu baadaye msala ukafurika tena. Bomba halikuwa na kosa. Ilikuwa katikati ya masika, maji ya ardhini yamepanda, karo limejaa na halina pa kumwagia. Kama mmoja wao angefunua kifuniko cha karo kabla ya kuwasha mashine, angeliona. Hakufunua kwa sababu aliitwa kuzibua, na bei iliyopatanwa ilikuwa ya kuzibua.

Hapo ndipo ninapoona mjadala wa barazani umekosa njia. Kampuni ya dada yangu na mafundi watatu wa mama yangu walianguka kwenye shimo moja, na shimo hilo tumelichimba sisi wenye nyumba. Tunalipia kuvunja na kuziba. Kutazama hatulipii. Fundi akikagua akasema tatizo liko kwingine, tunamwambia, “Kwani umefanya nini? Umeangalia tu.” Fundi mmoja wa makamo aliniambia maneno ambayo sijayasahau: “Nikikaa nusu saa natazama, mwenye nyumba anaona navuta muda. Nikishika nyundo, roho yake inatulia.”

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu la haki. Tukianza kulipia kutazama, matapeli watatazama, watapokea na wataondoka. Mwenye kipato kidogo, anayejikusanya kununua hata gundi ya bomba, ataambiwa alipe kabla kitu hakijafanyika. Hofu hiyo siidharau. Lakini tapeli tunaye tayari. Tofauti ni kwamba huyu wa sasa anavunja ukuta. Na kutazama kunaweza kudaiwa ushahidi. Fundi aonyeshe chanzo kabla hajagusa nyundo, na akishindwa asilipwe. Ushahidi wenyewe hauhitaji vyombo vya ajabu. Je, limeziba sinki moja au yote? Moja, basi kosa liko kwenye bomba lake. Yote, kosa liko kwenye bomba kubwa au karo. Chemba ya juu imejaa na ya chini ni kavu? Kizibo kiko baina yao. Unashuku bomba la maji safi linavuja ukutani? Usiku funga maji yanayoingia kwenye tangi, piga mstari wa chaki usawa wa maji, usitumie kitu hadi asubuhi. Mstari ukibaki juu ya maji, yamekwenda mahali. Ukilingana nayo, basi acha bomba hilo, tafuta kwenye maji machafu.

Jambo moja ambalo halina pande mbili: ile magadi kali ya kuzibulia inayouzwa kwa unga. Ikikutana na maji hutoa joto kali linaloweza kulegeza bomba la plastiki, inaua vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya karo, na ikikurukia jichoni inapofua. Na fundi atakayefungua bomba hilo baada yako bila kujua ataoga hayo maji. Mwambie.

Turudi Malindi. Mzee wa Mkunazini aliyekuja mara ya nne aliomba kitu kimoja, asiguse ukuta siku ya kwanza. Alipanda ghorofani kwa jirani, akamwaga ndoo ya maji yenye rangi nyekundu ya chakula kwenye msala, akateremka, akakaa kwenye kigoda. Siku ile hatukuona kitu. Asubuhi chini ya ukuta wa stoo palikuwa na mchirizi wa waridi. Bomba la msala wa juu lilikuwa limeachana kwenye kiungo, ndani ya ukuta.

Tuna methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila fundi wa saruji huisema. Kwa nyumba ya mawe inataka uangalifu. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji na zinayatoa, zinapumua. Ukizifunika kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanayoingia nyuma hayana pa kutokea. Yanapanda juu, yanafika kwenye ncha za boriti zilizoshika dari, na boriti ya mkoko ikikaa na unyevu mwaka baada ya mwaka inaoza kutoka ndani ya ukuta, mahali ambapo hapana jicho. Plasta zetu tatu ndizo zilizoupandisha unyevu hadi kifuani.

Ugumu uliobaki haukuwa wa fundi. Nani analipa? Bomba ni la juu, ukuta ni wa chini, na nyumba nzima ina wapangaji wa kila namna. Jirani wa juu alisema kwake hakuna hata tone lililoonekana, na alikuwa mkweli. Katika maghorofa ya Michenzani hali ni ile ile, bomba moja la maji machafu linateremka sakafu zote, na likiziba chini, anayefurikiwa ni wa chini kwa maji ya watu wote walio juu yake. Wengine wanaona mwenye nyumba alipe kila kitu, kwa kuwa anapokea kodi. Wengine wanasema anayeathirika ndiye ahangaike. Naona linalotumiwa na wote lilipwe na wote, na mwenye nyumba abebe sehemu kubwa kwa sababu bomba litabaki wapangaji wakihama. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, anaweza kuwaweka watu pamoja, lakini hawezi kumwonyesha mtu unyevu asiouona.

Mama hakwenda kwa sheha. Alimkaribisha jirani chini, akamshika mkono, akauweka ukutani. Walichanga nusu kwa nusu. Bomba likabadilishwa, saruji ikabanduliwa yote, na ukuta ukaachwa uchi tokea baada ya masika hadi ulipokaushwa vizuri na upepo wa kaskazi. Mwezi wa pili yule mzee akarudi na chokaa. Kabla ya kuchanganya alitaka kwanza autazame ukuta, na mama akampa pesa ya kutazama hata hajafungua mkoba wake.