Mwili ulioshikwa na hofu hausikii "jikaze"

Masika ya mwaka juzi bajaji niliyopanda ilipinduka Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, tukikaribia Tabata. Lori la makontena lilipiga honi nyuma yetu, dereva akakata usukani ghafla, na nilipopata fahamu vizuri nilikuwa chini, mkoba wangu ukielea kwenye dimbwi. Goti lilishonwa. Baada ya wiki tatu nilikuwa natembea vizuri, kila mtu akaniambia nimshukuru Mungu, na kwa kweli nilimshukuru.

Lakini ikawa nikisikia honi ya lori, hata nikiwa jikoni kwangu, mikono inapoa, mate yanakauka, kifua kinabana kama vile kuna mtu amenikalia. Akilini najua kabisa niko nyumbani na sufuria iko mekoni. Mwili ndio haujui. Nikaambiwa nijikaze. Nikaambiwa nisiwaze. Ndugu yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniuliza kama nasali ipasavyo.

Hilo "jikaze" ndilo lililonifanya niandike leo. Mtu aliyeshikwa na hofu amekwisha kujikaza: mabega yamepanda hadi karibu na masikio, meno yameumana, tumbo limekuwa jiwe. Ukimwambia ajikaze zaidi unamwongezea kile kile kinachomuumiza. Mwili wake unasubiri kuonyeshwa kwamba hatari imepita, na hauonyeshwi kwa hotuba.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi aliyekuwa akinibadilishia bendeji. Siku moja chombo cha chuma kilianguka sakafuni nikaruka pale kitandani. Hakuniuliza habari za ajali. Alinishikisha mapigo yangu mwenyewe, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, akasema nivute pumzi kwa pua huku nikihesabu hadi nne, kisha niitoe kwa mdomo polepole, kama mtu anayepuliza uji wa moto, hadi sita au nane. Jaribu hapo ulipo. Ukivuta pumzi, mapigo huongeza mwendo kidogo; ukiitoa, hupunguza. Kuna neva ndefu iitwayo vagasi, inatoka kwenye ubongo ikishuka hadi moyoni na tumboni, na hiyo ndiyo breki ya moyo. Pumzi inayotoka taratibu inaikanyaga hiyo breki. Niliposikia moyo wangu unatii chini ya vidole vyangu, machozi yalinitoka. Kwa wiki nyingi sikuwa nimeona kitu chochote cha mwili wangu kikinisikiliza.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto mchanga akishtuka usiku, mama hamwambii ajikaze. Anambeba mgongoni, anamfunga kanga ikambana vizuri, anayumba naye huku na huku, anampigapiga matakoni taratibu, anavuma wimbo ambao wakati mwingine hauna hata maneno. Joto, mbano, mwendo, mdundo, sauti. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa habari za neva. Cha kusikitisha ni kwamba mtoto huyo akifika miaka saba tunamnyang'anya vyote hivyo, hasa akiwa wa kiume, na badala yake tunampa neno moja la amri.

Njia ya kuutuliza mwili ninayoipenda kuliko zote ni ile iitwayo kumbatio la kipepeo. Mwaka 1997 kimbunga Pauline kilipiga Acapulco, kule Mexico, na mwaka uliofuata mwanamke aitwaye Lucina Artigas alikuwa akiwasaidia manusura, watoto wakiwemo, ndipo njia hii ilipozaliwa. Unapishanisha mikono kifuani, ncha za vidole zinatua chini kidogo ya mtulinga wa upande wa pili, kisha unagonga kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Wataalamu bado wanabishana ni kwa nini inatuliza. Mimi hujifunika kanga kwanza, ndipo nianze.

Zipo nyingine. Maji baridi usoni hupunguza kasi ya moyo, ila mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu bila kumuuliza daktari. Kukaza ngumi kwa nguvu kisha kuziachia, halafu mabega, halafu miguu. Mmarekani Edmund Jacobson aliandika kitabu kuhusu njia hiyo mwaka 1929. Au kukandamiza nyayo sakafuni tu na kutaja unavyoviona chumbani: pazia, ndoo, kalenda. Kwenye kambi ya Rhino, Uganda, Shirika la Afya Duniani liliwafundisha wakimbizi wanawake kutoka Sudan Kusini mazoezi ya namna hii kwa sauti iliyorekodiwa, wakiwa wamekaa pamoja kwa vikundi, na waliopata mafunzo hayo walipata nafuu kuwapita wale ambao hawakuyapata. Hakuna aliyelazimishwa kusimulia aliyopitia. Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana hapa kwetu mtu akipata msiba au kuvamiwa, kila mgeni anataka asimuliwe upya tangu mwanzo.

Sisemi kwamba hii ni dawa ya kila kitu. Kuna ambaye akifumba macho na kufuata pumzi ndipo tukio linamrudia; huyo afumbue macho, ashike kitu, asimame atembee. Na kama miezi inapita usiku hulali, au unaanza kuona heri ufe, usibaki na mazoezi peke yako. Nenda hospitali, uulizie kliniki ya afya ya akili. Najua mtaani watasema unapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Waache waseme, wewe nenda.

Mwezi uliopita nilipanda bajaji tena, kutoka Tabata kwenda Buguruni. Lori lilipiga honi kabla hatujafika kwenye taa. Mikono ikapoa kama kawaida. Nikashika bomba la kiti cha mbele kwa nguvu, nikaliachia, nikapuliza uji wangu wa moto mara tano, labda sita. Dereva akanitazama kwenye kioo akauliza, "Dada, uko sawa?" Nikamwambia aende polepole. Akaenda polepole.