Ukuta wa Dewey Square: sanaa ibaki au ipishe?

Mwaka 2012 pacha wawili wa São Paulo, Brazil, wanaojiita Os Gemeos, walichora mtoto mkubwa wa manjano ukutani pale Dewey Square, Boston. Amejikunja, nguo za rangi rangi, shati kalizungushia kichwani hadi kimebaki kipande cha uso na macho. Wapo waliomtazama wakasema ni gaidi. Aliyewahi kucheza ninja utotoni kwa shati la shule angewacheka. Kelele zilipita, kwani mchoro wenyewe ulipita: 2013 ukuta ukapakwa upya, akapewa msanii mwingine.

Ukuta huo si wa nyumba ya mtu. Ni jengo la kuvutia hewa ya handaki. Tangu 1959 barabara ya juu yenye njia sita iliukata mji katikati, na maelfu ya watu walivunjiwa nyumba ili ipite. Kuiteremsha chini ya ardhi kumekula zaidi ya dola bilioni 14. Juu yake, mwaka 2008, ikafunguliwa Rose Kennedy Greenway, bustani nyembamba ya kilomita 2.4 hivi, na wasimamizi wake wameshikilia msimamo mmoja: sanaa ije, ikae kidogo, iondoke.

Kwanza wana hoja ya mzigo. Juu ya dari ya handaki hutui jiwe popote upendapo. Mwaka 2015 msanii Janet Echelman alitundika angani wavu wenye mafundo zaidi ya nusu milioni, ukishikiliwa na maghorofa ya jirani, bila nguzo hata moja bustanini. Mistari yake ya rangi ilikumbusha zile njia sita za magari. Baada ya miezi kadhaa ukashushwa.

Na hapo ndipo ninapokwama. Wavu ule ulisimulia habari ya mahali pale kuliko kitu kingine chochote nilichosoma kuhusu bustani hiyo, kisha ukakunjwa. Waliovunjiwa nyumba hawakuhama kwa msimu mmoja. Sanaa ya kupokezana inapendeza kwenye picha za uzinduzi na huwapa wafadhili jambo jipya la kushangilia, lakini haimlazimishi mtu kukumbuka kitu.

Upande wa pili una jibu zito. Mwaka 2022 ukuta uleule alipewa Rob Gibbs, msanii Mweusi wa Boston, akachora msichana mdogo Mweusi. Mtoto wa manjano angeachwa palepale, Gibbs angepata wapi ukuta? Ila naye baadaye akapisha. Kwangu mimi zamu ni haki, mradi pawepo walau kitu kimoja kisichopisha.

Kipo, tena kilipingwa. Waarmenia wa Massachusetts, jimbo la Boston, walipotaka ndani ya Greenway bustani ya kuwakumbuka wenzao waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1915, wapinzani walisema kila jamii itadai mnara wake. Ilifunguliwa 2012 hata hivyo. Katikati yake pana sanamu ya pande nyingi, iliyopasuliwa vipande viwili. Kila mwaka winchi huja, huvinyanyua na kuvipanga upya. Ukirudi mwakani unaikuta ileile, imekaa vingine.